Mzuka wa Dobi

Jumatatu ya tarehe kumi na moja Januari, mwaka 1897, saa kumi na moja alfajiri, Enoch Tarrant alimng'oa binti yake gego kwa koleo la kukatia waya. Hepsy alikaa kwenye kigoda, kichwa kakiegemeza kifuani kwa baba yake. Mdogo wake Minnie alishika taa, uso kaugeuzia ukutani. Gego lilikatika mara ya kwanza, likatoka lote mara ya pili. Hepsy hakulia. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akatema kwenye ndoo, akajaza pamba penye shimo na kuvaa kofia yake. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa amekwisha simama kiwandani mbele ya karai, anachovya njiti za viberiti kwenye dawa ya fosforasi, kama alivyofanya kila siku kwa miaka minne.

Kanuni ilibandikwa penye lango la kiwanda. Enoch alijua kusoma tarakimu na jina lake tu, lakini kanuni ile aliijua kwa moyo, kama alivyoijua kila mtu wa mtaa wa Tapley, London. Anayeumwa jino amwambie nyapara. Aliyeng'olewa jino asiingie chumba cha kuchovya kwa siku arobaini, mpaka ufizi uzibe. Siku arobaini hizo hazina mshahara. Kwa hiyo Tapley nzima hakuna aliyemwambia nyapara kitu. Kila nyumba ilikuwa na koleo lake, na Enoch alisifiwa kwa mkono mwepesi. Majirani wawili watatu walikuwa wamepita kwenye kigoda kile kabla ya binti yake.

Kanuni ilisema mtu akae nyumbani. Haikusema kwa nini. Wakubwa hawakuona haja ya kumweleza mchovya njiti kwamba mvuke wa ile dawa huingia penye shimo la jino na kuula mfupa wa taya kama funza. Na mtu asiyeambiwa sababu huiona kanuni kuwa ujanja mwingine wa kumkata mshahara. Enoch aliiona hivyo. Aliposafisha koleo na kulirudisha msumarini, alijiona baba mwema.

Mwezi wa sita shavu la Hepsy lilikuwa limevimba, na harufu ilikuwa imeanza. Wasichana wenzake walihamia upande wa pili wa meza ya kulia chakula. Hawakumsema, walihama tu, mmoja mmoja, na makopo yao ya chai.

*

Nyapara Stubley alifika nyumbani mwenyewe siku ya Jumamosi. Alikuwa mtoto wa Tapley huyo. Walicheza gololi na Enoch kwenye mtaro uleule, kabla hajaota tumbo na mnyororo wa saa. Aliingia bila kuvua kofia, akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha marehemu Selina, mke wa Enoch, dobi wa mtaa aliyekufa kwa kifua miaka miwili nyuma.

Alianza kwa kuulizia mvua. Kisha akamwambia Enoch kwamba Hepsy asirudi kazini, ila wasiwe na wasiwasi, kampuni haiwatupi watu wake. Kila Jumamosi ataleta bahasha yenye shilingi kumi. Daktari wa kiwanda atapita akipata nafasi. Sharti ni moja: binti asitoke nje, asionekane, na asipelekwe hospitali.

Enoch aliuliza hospitali ina ubaya gani.

"Haina ubaya, ndugu yangu," alisema Stubley. "Ina karatasi. Siku hizi daktari wa hospitali akiona taya kama lile, sheria inamtaka aiandikie serikali. Serikali ikija, magazeti yanakuja nyuma yake. Watu wanaacha kununua viberiti vyetu. Halafu bosi anapunguza watu. Sasa wewe uko uwanja wa mbao, Minnie yuko kwenye maboksi, na nyumba hii ni ya kampuni. Utaanza kumpunguza nani?"

Enoch alitazama ngazi. Huko juu, kwenye chumba cha nyuma alichofia Selina, Hepsy alikuwa amelala na kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini, kama maiti anavyofungwa asifumbue mdomo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa anasikia kila neno, maana sakafu ya nyumba zile ni mbao tupu.

"Atapona?" Enoch aliuliza.

"Mimi si daktari."

Stubley alitoa karatasi ya makubaliano, akatoa na kalamu. Enoch aliandika jina lake, herufi moja moja, na Stubley alimngoja kwa adabu, akitazama dirishani. Alipomaliza, nyapara alipuliza wino ukauke, akasema ana mwandiko mzuri kwa mtu asiyesoma.

Majirani waliambiwa kwamba Hepsy amepata kazi ya ndani kwa watu wa kanisa kule Norwich. Mama Pargeter wa nyumba ya pili, aliyewapokea watoto wote wawili siku walipozaliwa, alinuna wiki nzima kwa kutoagwa.

*

Kiangazi kilipita hivyo. Asubuhi Enoch alikoroga uji mwepesi, Minnie akampandishia dada yake, akamnywesha kwa mpini wa kijiko kwa sababu taya halikufunguka tena zaidi ya hapo. Jioni walibadilisha vitambaa. Siku nyingine kipande cha mfupa kilitoka na usaha, kidogo kama punje ya mchele, na Minnie alikifunga kwenye karatasi na kukitia motoni bila kumwonyesha mtu. Daktari wa kiwanda alipita mara mbili. Mara ya pili hakupanda ngazi. Alimuuliza Enoch hali ikoje, akaandika alichoambiwa.

Enoch alikwenda uwanja wa mbao na kurudi. Alibeba magogo na kuyapanga. Wenzake walipomuulizia habari za Norwich alijibu njema. Hakuwa na huzuni, au kama alikuwa nayo haikumfikia. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, unaujua upo lakini huuhisi. Selina alipokufa alivunja sahani tatu ukutani. Safari hii hakuvunja kitu. Jumamosi bahasha ilikuja, naye akasema ahsante. Neno hilo lilimtoka kila Jumamosi kwa miezi mitano, na kila mara Stubley alimjibu, "Si kitu."

Mwezi wa kumi siku zikawa fupi. Jioni moja mshumaa wa Hepsy uliisha wakati Minnie anamfunga kitambaa. Minnie alishuka ngazi taratibu, akamwambia baba yake aje aone. Enoch alipanda, akasimama mlangoni. Chumba kilikuwa giza, na ndani ya giza taya la binti yake lilikuwa linang'aa. Mwanga wenyewe ulikuwa wa kijani, hafifu, kama wa samaki aliyeoza. Vitambaa kwenye beseni vilikuwa vinang'aa pia, na gauni la kazini alilolivaa kwa sababu hakuwa na jingine lilikuwa na madoa ya mwanga kifuani. Kila alipopumua, mvuke kidogo ulitoka, nao uling'aa.

Kisha Hepsy akasema, kwa sauti ile ya puani aliyokuwa amebaki nayo, "Tutaokoa pesa ya mishumaa."

Minnie alicheka, halafu akashindwa kuacha kucheka, ikabidi ateremke chini.

Dirisha la chumba kile halikuwa na pazia. Pazia lilikuwa limekwisha chanwa vitambaa tangu mwezi wa nane.

*

Aliyeanza kuona ni Mama Pargeter, saa kumi na moja jioni, alipotoka uani kuchota makaa. Alidondosha ndoo. Aliporudiwa na akili alivaa shali yake nzuri, akaja kugonga mlango wa Enoch, naye alikuja kama anavyokuja mtu msibani.

"Selina amerudi," alisema. "Nimemwona dirishani kwa macho yangu haya, kafungwa kidevu vilevile nilivyomfunga mimi mwenyewe siku ile. Sasa niambie ukweli, Enoch. Ulimkosea nini marehemu?"

Enoch angeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, mama huyu alikuwa kama dada kwake, na chumbani hapakuwa na nyapara. Badala yake alisikia mdomo wake unasema kwamba, ndiyo, hata yeye amekuwa akisikia vishindo. Neno hilo lilitoka kwa urahisi mno. Halikuhitaji nguvu yoyote.

Tapley ina watu mia tatu, na kufikia Jumapili wote walikuwa na habari. Walikuja baada ya ibada wakajipanga kwenye uchochoro wa nyuma, wamebeba watoto mabegani, wanangoja giza liingie. Mwuza viazi vya kuchoma alihamishia jiko lake pale. Walibishana kama mzuka una hasira au una huzuni. Mmoja alisema Selina anamdai Enoch jiwe la kaburi. Mwingine akasema hapana, dobi yule anazidai nyumba nyingi tu humu mtaani pesa za kufua, na mwenye deni alipe kabla hajafuatwa. Wakacheka, lakini wanawake wawili hawakucheka. Gazeti la nusu peni liliandika mistari sita.

Kasisi naye alikuja. Alikuwa kijana mgeni, mwoga kidogo, na hakutaka kupanda juu. Alisimama chini ya ngazi na kitabu chake, akamwomba Enoch avue kofia. Enoch aliivua. Minnie aliinamisha kichwa. Kasisi akaiombea roho ya Selina Tarrant, akaiambia kwa jina la Bwana kwamba imemaliza kazi yake duniani, isiwasumbue tena walio hai, iende mahali palipoandaliwa. Alirudia mara tatu. Enoch aliitika amina mara tatu. Kasisi alikunywa chai, akakataa mkate, akaondoka.

Minnie alipopandisha uji, Hepsy alimshika mkono, akamwambia amwite baba. Enoch alikuja.

"Baba, kasisi amesema niende," alisema Hepsy. "Niende wapi?"

Enoch alimwambia kwamba si yeye aliyeambiwa. Ni mama yake.

"Mama hayupo humu," alisema Hepsy. "Niko mimi."

Alimwambia alale. Aliteremka akapasua kuni zilizokuwa zimekwisha pasuliwa.

Ni Stubley peke yake aliyezipokea habari hizi kwa furaha. Jumamosi iliyofuata alikaa kwenye kiti cha Selina muda mrefu kuliko kawaida, akanyoosha na miguu. Alisema yeye mwenyewe amesimulia kisa hiki ofisini, na wakubwa wamecheka sana, na bosi ameongeza shilingi mbili.

"Unaona, Enoch, mzuka ni mtu mzuri sana kwetu," alisema. "Hana mshahara, hana daktari, na hakuna fomu ya serikali yenye safu ya mizuka."

Minnie alikuwa anapiga pasi. Aliuliza, bila kuinua macho, kama mzuka hula uji.

"Mfunze mwanao adabu," Stubley alimwambia Enoch, naye Enoch akamwambia Minnie anyamaze.

*

Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Novemba, saa tisa alasiri, mwanamke mmoja aligonga mlango wa mbele. Alivaa koti jeusi la kiume na buti zenye tope, na kwapani alikuwa na mkoba wa ngozi. Alisema anaitwa Bibi Averill, mkaguzi wa viwanda wa serikali. Enoch hakujua kwamba serikali ina wakaguzi wanawake. Alimkaribisha kwa sababu hakujua jinsi ya kumfukuza.

Mgeni alikataa kiti. Alitoa kipande cha gazeti chenye ile mistari sita, akamuuliza kama nyumba yenyewe ni hii. Enoch akasema ndiyo. Bibi Averill alimpa pole kwa kufiwa. Akauliza marehemu alikuwa anafanya kazi gani.

"Dobi, bibi. Alifua nguo za watu humu humu mtaani."

"Hakuwahi kufanya kazi kiwandani? Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Hakuipenda harufu yake."

Mwanamke yule alikunja gazeti polepole. "Bwana Tarrant, mimi nimekwisha kaa kwenye vyumba vya wagonjwa wa fosforasi kumi na mmoja. Wote waling'aa. Sasa nielezee kitu kimoja. Mzuka wa dobi unang'aaje?"

Enoch alitazama mikono yake. Minnie aliacha pasi juu ya shuka mpaka shuka ikaanza kuungua, ndipo akaiinua.

Bibi Averill hakungoja jibu. Alizungumza kwa sauti ya chini, bila kutisha wala kubembeleza. Alisema sheria inamruhusu kuingia kiwanda chochote cha London bila hodi, lakini haimruhusu kupanda ngazi ya nyumba ya mtu, mpaka mwenyeji akubali. Alisema hospitali inaweza kumpokea mgonjwa leo hii, na yeye ana gari la farasi mwisho wa mtaa. Watalitoa taya lote la chini. Wengine hufa mezani. Wengi hupona, wakaishi, wakala vyakula laini. Asiyetolewa, ule uozo hupanda machoni, kisha kwenye ubongo, na hapo huwa zimebaki wiki tu, na wiki zenyewe mbaya.

"Mbona hawakutuambia?" alisema Enoch.

"Nani?"

"Wao. Ile kanuni. Waliandika siku arobaini. Hawakuandika sababu." Alikuwa anazungumza na meza. "Nilimng'oa mimi. Kwa mkono huu. Saa moja na nusu baadaye alikuwa kwenye dawa."

Bibi Averill alisema kanuni ile alikwisha iandikia barua tatu, na mara zote tatu alijibiwa kwamba wafanyakazi wa namna ile hawaelewi maelezo marefu. Baada ya hapo akamuuliza nani yuko juu.

Mlango ulifunguka kabla Enoch hajajibu. Ilikuwa Jumamosi, na Stubley alikuja na bahasha yake kama kawaida, bila kugonga. Nyuma yake alikuwa Mama Pargeter, ambaye aliona mgeni akiingia na asingeweza kukaa kwake. Na nyuma ya Mama Pargeter walikuwa wengine, maana ukungu ulikuwa umeshuka mapema, giza lilikuwa linaingia, na saa ya mzuka ilikuwa imekaribia. Stubley alimwona mwanamke mwenye mkoba. Bahasha ikarudi kotini. Kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile alivua kofia.

Alimwamkia mkaguzi kwa jina. Alisema ni masikitiko kwamba serikali inapoteza muda wake kwa hadithi za wanawake wa uchochoroni. Alisema Bwana Tarrant ni mtu mwaminifu, mfanyakazi mzuri, ana binti mmoja hapa na mwingine Norwich, na kwamba kampuni inayo karatasi yenye sahihi ya Bwana Tarrant mwenyewe, ikihitajika. Neno la mwisho alilisema akimtazama Enoch.

"Baba," alisema Minnie. "Sema."

Ndipo ngazi ikalia. Ngazi ile ina vipandio kumi na vitatu, na mtu aliyekuwa anashuka alipumzika kwenye kila kimoja. Hakuna aliyesogea. Kwanza ilionekana miguu bila viatu, kisha gauni la kazini lenye madoa, likining'inia kama limetundikwa ukutani. Alipofika kipandio cha mwisho alishika nguzo, akainua mkono mwingine, akafungua kitambaa.

Upande mmoja wa uso ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na tisa. Upande wa pili, kutoka sikioni hadi kidevuni, nyama ilikuwa imefunguka, na ndani yake mfupa ulikuwa unatazama nje. Pale penye kivuli cha ngazi uling'aa. Walio mlangoni walirudi nyuma kwa pamoja, wakakanyagana. Mwanamume mmoja alikimbia. Mama Pargeter hakukimbia, alipiga magoti kwenye sakafu ya mawe, mikono aliyompokelea mtoto yule kaikutanisha, akafumba macho akisema, "Pumzika, Selina. Pumzika, mwenzangu. Tumekusamehe."

Hepsy alimtazama mama yule alivyokuwa anaomba. Alifungua mdomo, kiasi ulivyofunguka, na kilichotoka hakikuwa neno. Taya halikumruhusu tena. Tangu Alhamisi hakuwa amesema kitu, na baba yake alidhani ni hasira.

Bibi Averill alikuwa amekwisha toa daftari na kalamu ya risasi. Alimgeukia nyapara kwanza.

"Bwana Stubley. Unamfahamu huyu?"

"Simfahamu," alisema Stubley. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kuulizia mvua. "Kwenye vitabu vyetu hakuna mtu kama huyu."

Mkaguzi aliandika. Alichukua muda wake. Nje, mwuza viazi alikuwa bado ananadi, hajui kilichotokea. Minnie alikuwa ameweka pasi chini, amekwenda kusimama karibu na dada yake, lakini si yeye aliyetia sahihi, na wote chumbani walikuwa wanajua. Enoch alimtazama Stubley, akaitazama kofia yake mkononi, akatazama dari la nyumba ya kampuni. Halafu akamtazama Hepsy. Alikuwa amesimama kwenye kipandio cha mwisho, hajaweka mguu sakafuni, anangoja. Hakuwa analia. Alikuwa anamtazama baba yake kwa macho ya mama yake, na yote mawili yalikuwa bado mazima.

Bibi Averill alifungua ukurasa mpya.

"Na wewe, Bwana Tarrant?" alisema. "Huyu ni nani?"